Bibi Semeni, Mwenye Miaka Mia na Thelathini na Saba

Bibi yangu Semeni,

Shikamoo. Marahaba yako niliipata jana asubuhi, kutoka kinywa kisichokuwa chako, na ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Najua hukujua kusoma. Mimi nami sikufundishwa. Nilijifunzia Ngerengere, reli ilipokuwa ikijengwa, kwenye ubavu wa masanduku niliyokuwa nikipakua, ndiyo maana mpaka leo mwandiko wangu ni wa herufi kubwa kubwa, kana kwamba namwonya mtu asipindue mzigo. Barua hii naiacha wazi, atakayeisoma na aisome. Wewe nitakusomea mwenyewe huko juu, siku nitakayopata miguu ya kupanda tena.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimenya njegere mlangoni kwako, kungugu imefunika Mgeta yote, hata kuku tunamsikia tu hatumwoni? Wewe ulianzia kwenye kikonyo. Unalivunja ganda pale, unavuta uzi, punje zinaanguka zenyewe kama zimeitwa. Mimi nilianzia popote, nikazitapanya, nawe ukasema, "Mume wangu mvivu, hata njegere zimemkataa." Uliniita mume tangu sijaota meno, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu zao, na uvivu ukauongeza mwenyewe kwa ushahidi.

Siku moja nilikuuliza juu ya mkuyu ule wa kando ya njia, ambao watu wanne hawaukumbatii.

"Bibi, huu aliupanda nani?"

"Niliupanda mimi."

"Mbona mkubwa hivi?"

"Niliupanda zamani. Mimi Semeni."

"Semeni gani?"

Ukaacha kumenya. "Kwani wako wangapi?"

Walikuwa wanne, Bibi, na wewe ulikuwa wa nne. Nilielewa nilipokua. Kwetu mtu akifa, matanga yakiisha, ukoo wa mama unamkalisha mwingine mkekani na kumpa jina la marehemu. Akiamka pale ameamka na jina, na vyote vilivyokuwa ndani ya jina: wajukuu, magomvi, mashamba, miti. Wewe ulipewa jina la bibi yako, naye alikuwa amepewa la bibi yake. Tangu siku hiyo hukusema tena "alipanda." Ulisema "nilipanda." Mgeni angeuita uongo. Sisi tuliuita adabu.

Mgeni akaja.

Nilikuwa nimeshashuka mjini Morogoro wakati huo, nikifanya kazi ya ukalimani kwa Kidachi changu, Kijerumani cha masanduku na matusi ya wasimamizi. Bwana Daktari alikuwa mtu mrefu, mwekundu shingoni, mwenye sauti ndogo isiyolingana na kimo chake. Hakuwa wa kodi wala wa vita, na hilo liliwatia watu wasiwasi zaidi, maana wa kodi tulishajua anachotaka. Huyu alikuwa anatafuta wazee. Hakuja kuwatibu, alikuja kuwauliza mbona hawajafa.

Njiani alinieleza. Alisema uzee si majaliwa, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, ila umezoeleka. Ndani ya matumbo yetu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vingine vinatutilia sumu kidogo kidogo mpaka mifupa inalegea, vingine vinatulinda. Alisema yako makabila ya milimani huko kwao yanayokunywa maziwa mgando, na watu wake wanafika miaka mia wakikata kuni. Alikuwa na hakika milima yetu nayo ina siri yake. Nilimwambia Waluguru hawafugi ng'ombe. Akafungua daftari lake, akafuta mstari mmoja.

Alikuwa ameshapima wazee wengi kabla yako, wote wa umri wa kawaida tu, wamechakaa kama watu wengine. Alianza kukunja uso. Alinong'ona kwamba labda aende milima mingine, na mimi nikaona kazi yangu nzuri ya kutembea nyuma ya mtu na kusema maneno yake inaondoka. Ndipo tukafika kwako.

"Bibi, huyu bwana anauliza una miaka mingapi."

"Mwambie ahesabu yeye, ndiye mwenye kalamu."

"Anataka jambo la zamani unalolikumbuka."

Ukamtazama, ukaona anangoja kwa heshima, ukampa kwa heshima. "Nilikuja hapa na mtoto mgongoni, tukikimbia njaa ya bondeni. Hapakuwa na mtu. Nikachomeka kijiti ardhini nipumzike. Ndio mkuyu ule."

Nikatafsiri, Bibi. Neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Huo ndio uchafu wake: nilijificha nyuma ya ukweli. Kulikuwa na sentensi moja ya kuongeza, "Anasema kwa niaba ya jina lake," na niliishika ulimini kama punje ya njegere, nikaimeza.

Daktari alikwenda akauzungushia mkuyu utepe wake wa kupimia. Akamwuliza Mjomba, mkubwa wa ukoo wetu, majina ya wazee waliotawala tangu njaa ile, mmoja baada ya mwingine, akaandika, akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Aliporudi uso ulikuwa mweupe mpaka shingoni. Mia na thelathini na saba. Alikupisha kwenye kiti chake mwenyewe, akasimama mbele yako amevua kofia.

Ukaniambia kwa lugha yetu, "Mume wangu, huyu ananiposa?"

Nilicheka. Nakiri nilicheka sana siku ile. Nilijiona mjanja kuliko Ulaya nzima. Sikumdanganya mtu, na mtu amedanganyika. Wapi utapata starehe kama hiyo?

Alikupa chuma cha kuminya ili apime nguvu za mkono. Ukakiminya, ukauliza, "Kimelia?" Aliposikia kwamba kila siku unakunywa togwa iliyolala mpaka ikachachuka, alitoa darubini yake ndogo, akatia tone kwenye kioo, akatazama, akapiga kelele kama mtu aliyeona ndugu zake. Akakuita nawe utazame. Kwanza ulifumba jicho la kutazamia, kisha ukapatia.

"Hawa ndio wanaonifanya niishi?"

"Anasema inawezekana, Bibi."

"Basi waambie wasihame."

Hata Mjomba alicheka, naye hakuwa mtu wa kucheka mbele ya wageni. Lakini hakucheka Daktari aliposema anataka ushuke Morogoro siku kumi na nne, kwenye nyumba ya wagonjwa, akutazame kwa vyombo vyake vikubwa. Mjomba alisema, "Mtu wa juu hashuki masika. Homa ya bondeni haimjui." Daktari hakumshurutisha, nataka hilo lijulikane. Mimi ndiye niliyesema, "Ni siku chache tu, Mjomba. Atapandishwa machela kama mke wa jumbe. Nitakuwa naye mwenyewe."

Ukanigeukia. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, Bibi."

"Haya, twende. Machela sijaipanda tangu nizaliwe, na nimezaliwa mara nne."

Hivyo ndivyo ulivyoshuka. Pili, mtoto wa mama mkubwa, akaja kukuhudumia, yule niliyekuwa nikimtisha na vyura akikimbia akilia. Njia nzima wabeba machela waliimba na wewe uliwasahihisha nyimbo.

Chumba kilikuwa cheupe, na paa la bati. Kulikuwa na kitanda cha chuma ambacho hukukilalia hata siku moja. Ulitandika mkeka chini yake, ukasema kitanda kitakukinga na mvua. Daktari aliagiza togwa yako kutoka nyumbani, ikatiwa kwenye chupa na kuzibwa vizuri kwa kizibo kama dawa, na jua la Morogoro likafanya kazi yake. Chupa zikapasuka, ikarukia mpaka kwenye dari. Ulicheka siku ile. Naihesabu kuwa ya mwisho.

Joto lilikushika pumzi. Ulikuwa ukitazama milima kupitia dirishani. Ilikuwa pale pale, Bibi, karibu kiasi cha kuona moto wa mashamba, na ungedhani mtu akinyoosha mkono atagusa. Kilichokusumbua zaidi ni hewa kukosa harufu. "Chumba hiki hakina moshi," ulisema. "Nitajuaje kama nimeamka?"

Homa ilikuja siku ya tisa. Daktari alikupa kwinini, ukaitapika. Akakupa tena, ikatoka tena. Siku ya kumi na moja midomo ilikuwa imepasuka, ukanishika kidole gumba, maana mkono mzima ulikuwa mzito kwako, ukasema, "Mume wangu, nirudishe. Nikafie kwenye moshi wangu."

Nikamwendea Daktari. Nilisema ile sentensi niliyoimeza.

"Bwana, Bibi yangu hana miaka ile. Ana sabini, labda na chache. Mkuyu aliupanda bibi wa bibi wa bibi yake. Jina ndilo lina miaka mingi."

Nikamweleza habari ya mkeka, matanga, na Masemeni wanne. Alisikiliza, kalamu ameiweka chini. Kiswahili chake wakati huo kilikuwa kimeanza kusimama chenyewe.

"Mlimani alikuwa na mia thelathini na saba," akasema. "Leo anaumwa, ana sabini. Unasema uongo kwa sababu unataka kumchukua."

"Nataka kumchukua, Bwana, lakini sisemi uongo."

"Basi ulisema uongo siku ile."

"Hapana, Bwana. Siku ile nayo sikusema."

Alinitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyekutwa juu ya paa. Kisha akasimama. Alisema, na alikuwa anamaanisha, kwamba kama wewe ni mzee wa sabini, yeye hana haja ya kukuweka hata saa moja. Machela itaondoka leo hii. Lakini atakuuliza mwenyewe, bila kupitia kwangu. Nilistahili hilo.

Niliwahi mbele, nikawapanga wabeba machela mlangoni. Tulipoingia Pili alikuwa anakupepea. Daktari alipiga magoti kando ya mkeka na urefu wake wote. Mimi nikainama upande wa pili, nikakwambia upesi kwa lugha yetu, "Bibi, atakuuliza habari ya mkuyu. Sema aliupanda bibi yako. Neno hilo tu. Machela iko mlangoni."

Daktari akasema polepole, "Mama. Mkuyu ule mkubwa. Nani alipanda? Wewe, au bibi yako?"

Hukumtazama yeye, ulinitazama mimi. Upepeo wa Pili ulisimama. Ukaniambia, sauti kama majani makavu, "Nikisema hivyo, mimi nitakuwa nimepanda nini?"

"Bibi, tafadhali."

"Walionipa jina wako huko ninakokwenda. Nitawaambia nini?"

Kisha ukamgeukia, ukamjibu kwa Kiswahili kile kidogo ulichojifunza kwa wauza chumvi, ili asihitaji mkalimani.

"Mimi. Nimepanda mimi, Semeni."

Maneno hayo aliyajua. Ningetafsiri nini? Aliweka mkono juu ya kichwa chako taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Mimi hakunikaripia, na laiti angenikaripia. Nikatoka nikawaambia wabeba machela waende zao.

Ulikufa siku mbili baadaye, mchana, bati likiunguza, na moto uliokuwa karibu nawe ni ule wa kuchemshia sindano. Daktari alilia, Bibi. Aliniambia mama yake alikufa hajafika miaka hamsini, nywele nyeupe zote, na tangu siku hiyo anatafuta mlango ambao uzee huingilia ili aufunge. Kisha akaomba akupasue kifua autazame moyo wako. Nilikataa, na neno hilo sikulitafsiri kutoka kwa mtu yeyote. Akakata shungi la nywele, akalitia kwenye chupa. Pili ndiye aliyepanda nawe mlimani. Mimi sikupanda. Niliwaambia watu nina kazi.

Daktari alirudi kwao. Baadaye nikaletewa karatasi iliyopigwa chapa, ina picha yako umekaa kwenye kiti chake. Niliisoma siku nzima. Inasema ulikuwa na miaka mia na thelathini na saba, ulikula njegere na kunywa kinywaji kichachu, na mishipa yako ilikuwa laini kama ya mwanamke wa miaka sabini. Hilo limemshangaza sana, limepewa mistari mingi. Inasema isingekuwa homa, hapana sababu ungeacha kuishi. Huenda sasa hivi kuna mabwana wakubwa huko Ulaya wanachachusha togwa vyumbani mwao na kujipima mikono kwa chuma. Nawatakia heri. Waangalie dari.

Sasa nije kwenye habari ya jana.

Nilikuwa nimekaa misimu mingi bila kupanda. Nilisikia matanga yalipita, nikasikia ukoo umemkalisha Pili mkekani, nikasikia ameamka Semeni wa tano. Mjomba alinitumia neno mara mbili: "Njoo umwamkie Bibi yako." Mara zote mbili nilikuwa na kazi. Jana kazi ziliniishia.

Kungugu ilikuwa imeshuka. Alikuwa mlangoni kwako, kwenye kigoda chako, na wanawake wawili wa jirani, wanamenya njegere. Amenenepa kidogo. Mdogo kwangu, Bibi, huyu ni mtoto aliyekuwa akiogopa vyura. Niliinama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu mvivu." Hakutabasamu wala hakununa. "Umekuja na machela?"

Wale wanawake wakanisogezea kigoda. Mmoja, mgeni aliyeolewa hapo karibuni, akauliza huyu ni nani. Akamjibu, mikono ikiendelea na kazi.

"Mume wangu. Alinishusha Morogoro wakati wa masika. Mjomba alikataa, huyu akasema nitapandishwa kama mke wa jumbe. Nikakaa chumba kisicho na moshi. Homa ikanishika, nikamshika kidole gumba, nikamwambia nirudishe. Nikafa mchana, bati likiunguza."

"Pole, Bibi," akasema yule mgeni.

"Nimeshapoa."

Wakaendelea kumenya. Hapakuwa na hasira, naapa. Aliyasema kama wewe ulivyosema habari ya mkuyu. Na hapo nikaona urefu wa jambo nililofanya. Baada yake atakuja wa sita, mtoto ambaye hajazaliwa, naye atakaa mlangoni na kusema, "Mume wangu alinishusha." Mimi nitakuwa nimeoza, Daktari ameoza na chupa zake, mkuyu labda umeanguka, na mwanamke mmoja atakuwa anamenya njegere na kusema alinishika kidole gumba. Bwana yule alizunguka dunia akitafuta kitu ndani ya mtu kisichozeeka. Alikuwa nacho kwenye daftari lake, ni jina lile, akaandika kando yake: togwa.

Nilimtazama Pili nikikutafuta. Sauti ni yako, maneno ni yako, hata kukohoa kabla ya kujibu amekupokea. Lakini mikono ilikuwa inaanzia kwenye ncha, Bibi. Analivunja ganda kwenye ncha, uzi unakatika, anazikwangua punje kwa ukucha. Kikonyo hakupewa. Nilimwona akimenya bakuli zima namna hiyo nikamwacha, kwa kuwa mjukuu hamfundishi bibi yake kumenya njegere.

Wale wanawake walipokwenda zao nikajikaza.

"Bibi, umenisamehe?"

Alitua bakuli. Aliwaza kweli kweli, sikumwona akinikwepa. Alikuwa pale chumbani, akikupepea, alisikia kila neno mpaka la mwisho, na sasa alikuwa anayapitia moja moja kama anayetafuta kitu kwenye kikapu cha mtu mwingine.

"Hilo sikulisema," akajibu. "Nilisema nirudishe. Nikasema mkuyu nimeupanda mimi. Halafu nikaomba maji." Akanitazama kwa huruma, huruma ya Pili, si yako. "Nitalitoa wapi, mume wangu?"

Nikashuka kabla kungugu haijafunguka. Naandika haya mjini, dirisha langu linatazama milima, na leo imetakata mpaka mashamba yanahesabika. Lala, Bibi. Moshi wako unawaka kila siku, nimeuona mwenyewe. Hakuna aliyeuzima.

Mjukuu wako na mume wako mvivu,
aliyekushusha.